Kuchagua Miksa ya Mezani na Kushughulikia Iliyo Mbovu

Miksa ya mezani hununuliwa kwa matarajio ya kutumika miaka mingi, na kwa hiyo uchaguzi wake hauna budi kuanza na kazi nzito kuliko zote itakayopewa, si na kazi itakayoifanya mara kwa mara. Karibu mashine yoyote huweza kupiga ute wa mayai au kulainisha siagi na sukari. Kinachotenganisha iliyo imara na iliyo dhaifu ni donge la mkate, kwa kuwa donge huielemea mota kila linapojikunja, hukitikisa kichwa cha mashine na kuzibebesha gia mzigo kwa dakika kadhaa bila kupumzika. Anayeoka keki na biskuti tu anaweza kununua mashine ya kiwango cha kati na asijutie, lakini anayekanda mkate kila wiki akinunua mashine hiyo hiyo, hatakawia kujuana na fundi.

Ni vyema pia ieleweke mapema kwamba kuchagua mashine na kushughulikia ubovu wake ni shughuli moja. Maswali yanayopaswa kuulizwa kabla ya kulipa, yaani nani ataitengeneza, vipuri vitapatikana wapi na dhamana inabebwa na nani, ndiyo yatakayoamua iwapo mashine iliyoharibika itarudi kufanya kazi au itabaki pambo juu ya kabati.

Wati na uwezo wa kweli

Wauzaji wengi hutanguliza wati, na mnunuzi naye huona kwamba mashine ya wati 1200 lazima iishinde ya wati 300. Sivyo. Namba hiyo hueleza kiasi cha umeme unaovutwa na mota, wala haisemi ni nguvu kiasi gani inayofika kwenye kulabu ya kukandia baada ya kupita kwenye mikanda na gia. Miksa nyingi za KitchenAid zenye kichwa cha kuinuliwa huandikwa wati 300 hivi, ilhali Kenwood nyingi za leo huandikwa wati 1000 na kuendelea, na zote hukanda mkate. Tofauti hiyo hutokana na mpangilio wa ndani: katika za kwanza mota huendesha gia moja kwa moja, na katika za pili mota huzunguka kwa kasi kubwa, kisha kasi hiyo hupunguzwa kwa mkanda kabla ya kufika kwenye gia. Wati zinaweza kulinganisha miksa mbili za mtengenezaji mmoja na za muundo mmoja. Zaidi ya hapo hazina msaada mkubwa.

Kipimo cha kuaminika kimo ndani ya kitabu cha maelekezo, ambacho kwa mashine nyingi hupatikana bure kwenye intaneti hata kabla ya kununua. Tafuta humo uzito wa juu kabisa wa unga, kasi inayoruhusiwa wakati wa kukanda, na muda ambao mashine inaweza kuendeshwa mfululizo kabla ya kupumzishwa. Mashine inayotangazwa kuwa na kasi kumi inaweza kukuruhusu kukanda kwa kasi ya pili tu, na nyingine iliyosifiwa sana kwenye boksi ikadai mapumziko marefu baada ya dakika chache za kazi. Kitabu ndipo mahali ambapo mtengenezaji, kwa kuogopa madai ya dhamana, husema ukweli usiosemwa na tangazo.

Namba ya uzito nayo isomwe kwa makini, kwa sababu watengenezaji wengine hutaja uzito wa unga mkavu na wengine uzito wa donge zima. Kilo moja ya unga ikichanganywa na gramu 650 za maji huwa donge la zaidi ya kilo moja na nusu, na mtu akichanganya vipimo hivyo viwili anaweza kuizidishia mashine mzigo pasipo kujua. Aidha, donge kavu ni zito kwa mota kuliko donge laini la uzito uleule. Donge lenye gramu 550 za maji kwa kila kilo ya unga hugoma na kujifunga kwenye kulabu, wakati lenye gramu 700 hutiririka na kunyumbuka. Kwa maoni yangu, anayependa madonge makavu ahesabu nusu ya uwezo ulioandikwa, na ikiwa nusu hiyo haimtoshi, anunue mashine kubwa zaidi au akande kwa awamu mbili.

Muundo

Miksa nyingi zinazouzwa leo zimefuata njia iliyoanzia kwa Herbert Johnston, mhandisi wa kampuni ya Hobart ya Ohio, Marekani, ambaye mwaka 1908 alianza kubuni mashine ya kuwapunguzia waokaji kazi ya kuchanganya kwa mikono. Mashine ndogo ya nyumbani iliyotokana na kazi hiyo iliingia sokoni mwaka 1919 kwa jina la KitchenAid. Katika muundo huo bakuli halizunguki. Kipigio hujizungusha chenyewe na wakati huohuo hulizunguka bakuli kwa kuelekea upande wa pili, hivyo kikafika karibu kila mahali. Kenwood Chef ya Uingereza, iliyotolewa mwaka 1950, hutumia mwendo huo pia. Zipo zilizochukua njia nyingine: Assistent ya Sweden, ya mwaka 1940, huzungusha bakuli lenyewe huku rola ikilibana donge ukingoni, na baadhi ya mashine za Bosch zina mota chini ya bakuli. Hizo mbili huyamudu vyema madonge makubwa, ila huhitaji mtumiaji ajifunze upya namna ya kuzitumia, na viambatisho vyake si vya kawaida madukani.

Kwa wengi, chaguo litakuwa kati ya mashine ambayo kichwa chake huinuliwa na ile ambayo kichwa kimetulia na bakuli hupandishwa kwa mkono wa pembeni. Ya kwanza ni rahisi kutumia, kwa maana ukiinua kichwa unalifikia bakuli lote na kukwangua kuta zake bila shida, ila pima kwanza urefu wake kikiwa kimeinuliwa, hasa ikiwa itawekwa chini ya kabati la ukutani. Udhaifu wake uko kwenye bawaba. Kichwa chote, pamoja na mota, kinashikiliwa na pini moja na kufuli dogo, na donge linapopiga, nguvu yote hukimbilia hapo. Ya pili haina bawaba, hivyo haitikisiki kirahisi. Kasoro yake ni kwamba kuongeza viungo huku kipigio kikiwa juu ya bakuli ni kazi ya kubahatisha, na wengi humwaga unga mezani hadi wazoee.

Ukubwa wa bakuli hutajwa kwa lita, na lita hizo ni za bakuli lililojazwa hadi ukingoni, jambo ambalo hakuna mtu atakayelifanya. Bakuli la lita 4.5 hadi 5 linatosha matumizi ya kawaida ya familia. Kosa la wengi ni kununua kubwa kupita kiasi wakidhani kubwa hufanya kazi zote, kumbe ute wa mayai mawili ndani ya bakuli la lita 7 hubaki chini kabisa, kipigio cha waya kikipita juu yake bila kuugusa ipasavyo. Kabla ya kuamua, fikiria kiasi kidogo kabisa utakachokuwa unachanganya, sawa na unavyofikiria kikubwa.

Gia za chuma husifiwa, na kwa haki, lakini gia ya plastiki si lazima iwe dalili ya ubahili. Katika baadhi ya mashine mtengenezaji ameweka kwa makusudi gia moja iliyo dhaifu kuliko nyingine ili, mzigo ukizidi, hiyo ivunjike kabla mota haijaungua, kama fyuzi inavyokatika kuokoa nyaya. La kuuliza ni iwapo gia hiyo huuzwa peke yake, na iwapo fundi wa kawaida anaweza kuifikia kwa kufungua skrubu chache. Kama jibu ni kwamba sehemu yote ya gia huuzwa kwa pamoja na mota, jua kwamba kipande kidogo kikivunjika utaambiwa ununue mashine mpya.

Viambatisho vya msingi ni vitatu: kipigio bapa cha rojo la keki, kipigio cha waya cha mayai na krimu, na kulabu ya kukandia. Kulabu iliyopinda kama herufi C hulisukuma donge pembeni, na donge hupenda kupanda juu yake hadi likafika kwenye shingo ya mashine. Iliyosokotwa mithili ya parafujo hulikandamiza chini. Angalia pia vimetengenezwa kwa nini. Aluminiamu isiyopakwa kitu, ikioshwa kwenye mashine ya kuoshea vyombo, hubadilika na kuacha rangi ya kijivu iliyokoza inayoshika mikononi na kwenye chakula. Iliyopakwa rangi huweza kubanduka vipande. Chuma kisichoshika kutu ni ghali, lakini hakina matatizo hayo. Viambatisho vya kusaga nyama au kukata tambi visikushawishi siku ya kununua, kwani vinaweza kununuliwa baadaye haja ikithibitika.

Umeme, dhamana na mashine zilizotumika

Miksa iliyoletwa kutoka nchi nyingine, mara nyingi kama zawadi, huangaliwa kwanza bamba lake la chini. Sehemu moja ya dunia hutumia umeme wa volti 220 hadi 240, nyingi kwa hezi 50 (yaani mizunguko ya umeme kwa sekunde), na nyingine volti 100 hadi 127, nyingi kwa hezi 60. Mashine ya volti 120 ikichomekwa kwenye volti 230 huungua ndani ya muda mfupi sana. Transfoma huweza kubadilisha volti, lakini haibadilishi hezi, na sharti iwe na uwezo unaozidi kwa mbali wati za mashine, jambo linaloifanya kuwa nzito na ghali. Dhamana nayo kwa kawaida haiivuki mipaka ya soko ambalo mashine ilitengenezewa. Sioni sababu ya kuhangaika na transfoma ikiwa mashine ya umeme unaofaa inapatikana.

Kuhusu dhamana, idadi ya miaka si jambo la kwanza kutazama. Dhamana ya miaka 5 inayofunika mota peke yake haisaidii gia zinapokatika, na dhamana nyingi za mashine za nyumbani hukoma pale mashine inapotumika kibiashara. Anayeoka kwa ajili ya kuuza, hata kama anafanyia kazi jikoni kwake, asome kifungu hicho kabla ya kitu kingine chochote, kisha aulize kama kuna mashine ya daraja la biashara. Uliza pia ni nani anayeipokea mashine mbovu: muuzaji, mwagizaji au mtengenezaji. Muuzaji anayejibu kwamba atakuonyesha pa kuipeleka siku ikiharibika, bila kutaja mahali, amekwisha kukujibu.

Mashine iliyotumika inaweza kuwa nunuo zuri, hasa ya zamani iliyojengwa kwa chuma, mradi iwashwe mbele yako kwa kasi zote, kichwa kitikiswe kwa mkono kuona kama bawaba imelegea, na waya wa umeme ukaguliwe pale unapoingia kwenye mwili. Mashine kuukuu zenye kidhibiti kasi cha umeme huwa na kapasita, yaani vipande vidogo vya kuhifadhi chaji ya umeme, ambazo hupasuka na kutoa moshi mwingi zikizeeka. Ni tatizo la kutisha kwa macho, ila kwa fundi ni dogo. Dhamana ichukuliwe kuwa haipo, hata kama muda wake haujaisha, mpaka utakapopata kwa maandishi kwamba humfuata mnunuzi wa pili.

Majaribio ya wiki ya kwanza

Haki za mnunuzi huwa na nguvu zaidi katika siku za mwanzo, na ndizo siku ambazo wengi huiacha mashine ndani ya boksi wakingojea sikukuu. Ifungue siku ileile. Piga picha boksi kabla ya kulifungua, hasa kama limebonyea, kisha mashine inapotoka, halafu bamba lenye nambari yake. Boksi na vigandamizo vyake vihifadhiwe hadi muda wa kurudisha bidhaa upite, kwa maana mashine ya kilo 10 ikisafirishwa kwenye boksi la kubahatisha hufika na ubovu mpya ambao utahesabiwa kuwa wako.

Iweke kwenye meza iliyo sawa na uitikise kidogo kwa kushika kona: miguu yote inapaswa kugusa. Iwashe bila kitu ndani, dakika moja kwa kila kasi, ukisikiliza. Sauti inapaswa kupanda hatua kwa hatua. Ikiruka ghafla, ikashuka na kupanda yenyewe, au kasi ya chini ikawa sawa na ya kati, andika.

Kisha fanya jaribio la sarafu. Weka sarafu nyembamba iliyosafishwa chini ya bakuli tupu, funga kipigio bapa, na uwashe kwa kasi ya chini kabisa. Kipigio kinapoipitia sarafu kinapaswa kuigusa na kuisogeza kidogo, karibu sentimita moja au pungufu, kisha kiiache hadi mzunguko unaofuata, hivi kwamba sarafu huzunguka bakuli polepole kwa mikupuo midogo. Isiposogea kabisa, kipigio kiko juu mno, na ndiyo sababu unga mkavu hubaki chini ya bakuli. Ikisukumwa mzunguko mzima au ukasikia chuma kikigonga chuma, kiko chini mno na kitalikwaruza bakuli. Mashine nyingi zina skrubu ya kurekebishia kimo hicho, ambayo katika zenye kichwa cha kuinuliwa hukaa shingoni, mahali kichwa kinapokutana na nguzo, na huonekana kichwa kikiinuliwa. Katika Kenwood ni nati iliyo kwenye shina la kipigio chenyewe. Chomoa plagi, izungushe robo ya duara au pungufu, kisha urudie jaribio. Naisisitiza hatua hii kwa kuwa mashine nyingi nzima hurudishwa dukani kwa lawama ya kutochanganya vizuri, na dawa yake ilikuwa skrubu moja.

Baada ya sarafu, piga ute wa mayai hadi usimame, kisha ukande donge kwa kiasi na kasi vinavyoruhusiwa na kitabu, wala si zaidi, ili ikiharibika isisemwe kwamba umeizidishia. Katika jaribio la donge tazama bawaba: kichwa kinaweza kutikisika kidogo, lakini hakipaswi kuruka na kugonga kwenye kufuli lake. Shika sehemu ya juu ya mota kazi inapokwisha. Kuwa na joto ni kawaida; kuwa na joto ambalo mkono hauvumilii kuendelea kugusa, si kawaida.

Kasoro na yasiyo kasoro

Harufu hafifu ya vanishi na grisi katika matumizi machache ya kwanza hutokana na nyaya za mota kupata joto kwa mara ya kwanza, na hupungua yenyewe. Harufu ya plastiki inayoungua, au yoyote inayoambatana na moshi, ni sababu ya kuchomoa plagi papo hapo na kutoiwasha tena. Mota zenye brashi za kaboni, yaani vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu ya mota inayozunguka, huonyesha cheche ndogo za samawati kupitia matundu ya hewa, na hilo lisikutishe. Cheche kubwa za rangi ya machungwa zinazozunguka kama pete ni ishara kwamba brashi au sehemu inayozigusa imeharibika.

Mafuta yanayodondoka kutoka kwenye shina la kipigio huzua hofu nyingi. Grisi iliyo ndani ya gia ikikaa muda mrefu bila kutumika, hususan mahali penye joto, hujitenga na mafuta yake yakashuka. Mashine ya miaka kadhaa inayofanya hivyo inahitaji kusafishwa na kutiwa grisi mpya. Mashine mpya inayofanya hivyo katika wiki za mwanzo ripoti kwa muuzaji, hata kama atakuambia kuwa ni jambo la kawaida, kwa sababu ukinyamaza sasa, tatizo likikua baadaye utaulizwa kwa nini ulinyamaza.

Mashine isiyowaka ikaguliwe kwa utaratibu kabla ya kulalamika. Jaribu soketi kwa kifaa kingine, angalia fyuzi ya plagi ikiwa ipo, hakikisha kichwa kimefungwa hadi kikabofya, kwa kuwa mashine nyingi zina swichi ya usalama inayokata umeme kichwa kisipofunga sawasawa, na uiache ipoe kwa nusu saa endapo ilizimika katikati ya kazi, maana huenda kinga ya joto imekata. Zaidi ya hapo, dalili zenyewe hueleza mengi. Mota ikivuma na kipigio kisizunguke, gia imekatika meno au pini imevunjika. Ikizunguka kwa kasi ya juu tu, bila kujali swichi iko wapi, kidhibiti kasi kimeharibika. Ikizimika kila inapopata mzigo na kurudi mzigo ukitoka, brashi za kaboni ni mtuhumiwa wa kwanza. Na ukihisi umeme ukikutekenya unapogusa mwili wa chuma, hata kidogo sana, mashine hiyo isiguswe tena na mtu yeyote hadi mashine yenyewe na waya wa ardhi wa soketi vipimwe.

Kudai haki yako

Ukishathibitisha kwamba kuna kasoro, usifungue skrubu hata moja, kwa kuwa dhamana nyingi hubatilika mashine ikifunguliwa na asiyeidhinishwa. Rekodi video fupi inayoonyesha kasoro ikitokea, na katika video hiyohiyo, bila kukata, ionyeshe nambari iliyo kwenye bamba, ili isidaiwe kwamba ni ya mashine nyingine. Kasoro zinazokuja na kuondoka ndizo zinazoleta ubishi mkubwa: mashine ikifika kwa fundi huwaka vizuri na kurudishwa kwako na maneno "haina tatizo". Kwa kasoro ya namna hiyo andika ilikuwa imewekewa nini, kiasi gani, kwa kasi ipi, na ilichukua dakika ngapi kabla ya kuharibika, kisha umtake fundi aijaribu katika hali hiyohiyo.

Anza na muuzaji, si mtengenezaji. Uliyemlipa ndiye uliyefunga naye mkataba, na katika nchi nyingi sheria humwajibisha yeye kwa bidhaa mbovu, mbali kabisa na dhamana ya hiari inayotolewa na mtengenezaji. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, kwa mfano, uwajibikaji huo wa muuzaji ni wa miaka 2, na Uingereza mnunuzi ana siku 30 za kuikataa bidhaa mbovu na kurejeshewa fedha zote. Kwingineko muda hutofautiana, hivyo tafuta sheria ya mlaji ya nchi uliponunulia kabla ya kukubali jibu la "zungumza na kampuni". Ikiwa ulilipa kwa kadi ya benki, uliza benki kuhusu utaratibu wa kupinga malipo, na uulize mapema kwa sababu una ukomo wa muda.

Simu inafaa kwa kuulizia, lakini dai liwe la maandishi. Barua haihitaji ukali. Inahitaji tarehe, ukweli na ombi moja lililo wazi, kwa mfano hivi:

"Ndugu Meneja, nilinunua kwenu miksa ya mezani yenye nambari iliyotajwa hapo juu, kama risiti niliyoambatanisha inavyoonyesha. Tangu siku ya tatu ya matumizi, mota huvuma lakini kulabu haizunguki ninapokanda donge lililo chini ya kiwango kilichoruhusiwa katika ukurasa wa 12 wa kitabu chenu cha maelekezo. Video ya tatizo hilo imeambatanishwa. Naomba mashine nyingine mpya, au kurejeshewa fedha zangu zote ikiwa haipo, na naomba nipate jibu la maandishi ndani ya siku 14. Mashine ipo tayari kuchukuliwa ikiwa ndani ya boksi lake."

Amua kabla ya kuandika unachokitaka. Kwa mashine iliyokufa katika siku za mwanzo, mimi ningeomba nyingine mpya au fedha, na nisingekubali matengenezo ila pale ambapo sheria hainipi chaguo, kwa kuwa mashine iliyofungwa kiwandani kwa makosa na kufunguliwa tena kwa fundi huwa si mpya tena, ingawa umelipia mpya. Kwa ile iliyoharibika baada ya mwaka, matengenezo ni ombi la haki. Ukipewa vocha ya duka badala ya fedha, soma kwanza kama sheria inakulazimisha kuipokea; mara nyingi haikulazimishi.

Unapoisafirisha, toa bakuli na viambatisho vyote, funga kichwa kwa kufuli lake na kwa utepe, na ujaze nafasi zote tupu ili kichwa kisicheze. Viambatisho vibaki kwako ikiwa havihusiki na kasoro, maana hupotea kirahisi. Chukua stakabadhi ya makabidhiano inayotaja hali ya mashine, pamoja na mikwaruzo iliyokuwepo.

Dhamana ikiwa imekwisha

Hapa mashine inarudi mikononi mwa fundi, na swali ni kama inastahili gharama. Brashi za kaboni, waya wa umeme, pini ya bawaba, gia ya kujitoa mhanga (ile dhaifu iliyowekwa kwa makusudi) na grisi ni matengenezo madogo kwa bei na kwa muda, na miksa iliyo imara huweza kuishi miaka mingi baada yake. Mota iliyoungua nyaya, au bodi ya umeme ambayo haiuzwi tena, ni habari nyingine. Omba bei kwa maandishi kabla ya kazi kuanza, na gharama ikikaribia nusu ya bei ya mashine mpya ya daraja lilelile, sioni busara ya kuendelea, isipokuwa ile mashine kuukuu imejengwa vizuri kuliko mpya za bei hiyo, jambo ambalo si nadra.

Grisi inayotumika iwe ya daraja linaloruhusiwa karibu na chakula, na ile ya zamani ifutwe yote kabla ya kutia mpya, kwani grisi za aina tofauti zikichanganywa huweza kuyeyuka na kuanza kudondoka tena. Fundi anayepaka grisi ya magari kwa sababu ndiyo aliyonayo asiachiwe mashine ya chakula. Mwambie pia akurudishie kipuri kilichoharibika. Gia iliyokatika meno ya upande mmoja tu huonyesha mzigo wa ghafla, kama vile kulabu kugonga kitu kigumu, wakati iliyolika pande zote sawasawa imechakaa kwa matumizi, na ufahamu huo utakusaidia kujua kama tatizo litarudi.

Mashine ikirudi, usiipokee kwa kuiona inazunguka ikiwa tupu. Rudia jaribio la sarafu, kwa maana kichwa kikifunguliwa kimo cha kipigio hubadilika, kisha kanda donge la kiasi cha kati mbele ya fundi au siku hiyohiyo nyumbani, na umtake aandike kwenye risiti alichobadilisha pamoja na muda ambao atawajibika kwa kazi yake.